Kimya si Kifo: Kiswahili na Uchunguzi wa Hitilafu katika Mifumo ya Mafaili ya Pamoja

Utangulizi

Mjadala kuhusu Kiswahili na teknolojia ya kompyuta umekuwa, kwa muda mrefu, mjadala wa nomino. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilipotoa programu ya ofisi iitwayo Jambo OpenOffice mwaka 2004, kazi kubwa iliyowakabili wataalamu ilikuwa kutafuta majina: faili liitweje, saraka iitweje, amri hii au ile iandikwe vipi kwenye kioo cha kompyuta. Kazi hiyo ilikuwa ya lazima. Hata hivyo, fundi anayeamshwa usiku wa manane kwa sababu seva za taasisi zimegoma, aghalabu hakwamishwi na upungufu wa majina. Swali linalomkabili ni la kitenzi: je, mashine ile imekufa, au haijajibu tu?

Mhadhara huu unashughulikia swali hilo. Kwanza, unaeleza jinsi seva kadhaa za Unix zinavyotumia mafaili yaleyale kwa pamoja. Pili, unachambua mambo manne yanayozifarakanisha. Tatu, unapendekeza utaratibu wa kuchunguza hitilafu bila ya kuiongeza. Mifano yake mikuu inatoka katika mwambao mmoja, ule wa Ziwa Tanganyika mkoani Kigoma: kumbukumbu za sokwe wa Gombe, zilizoandikwa kwa Kiswahili tangu miaka ya 1970, na mkasa wa mizigo ya David Livingstone mjini Ujiji mwaka 1871. Dai la msingi ni kwamba sehemu kubwa ya madhara yanayopata hifadhi za pamoja hutokana na mtu, au programu, kugeuza kimya kuwa kifo kabla ya kupata ushahidi. Na kwamba sarufi ya Kiswahili ina nyenzo bora ya kuzuia kosa hilo.

Hifadhi ya pamoja ni nini?

Seva moja inapokuwa na diski yake yenyewe, hakuna ugomvi mkubwa. Kiini cha mfumo wa Unix ndicho mwamuzi pekee. Kinajua nani anasoma, nani anaandika, nani ameshika kufuli la faili gani, na ni saa ngapi. Programu mbili zikitaka kuandika mahali pamoja, kiini huipa moja nafasi na kuisubirisha nyingine. Mwamuzi akiwa mmoja, hukumu huwa moja.

Tatizo huanza pale taasisi inapohitaji seva kadhaa zifanye kazi kama kundi, ili moja ikiharibika nyingine ziendelee. Mafaili sharti yaonekane kwa zote. Njia mbili hutumika. Njia ya kwanza ni ya mtunzaji mmoja: seva moja inamiliki diski, na nyingine, ambazo huitwa wateja, zinaiomba kupitia mtandao iwasomee au iwaandikie. Mfano maarufu ni itifaki ya NFS iliyobuniwa na kampuni ya Sun Microsystems mwaka 1984. Hali yake ni kama ya duka lenye karani mmoja na leja moja. Kila anayetaka kujua hesabu humwendea karani.

Njia ya pili ni ya wote kwa pamoja: seva zote zimeunganishwa na diski zilezile, na kila moja inaandika yenyewe moja kwa moja. Hapa makarani ni wengi lakini leja ni moja. Ili wasifutiane maandishi, hulazimika kupeana makufuli kabla ya kugusa ukurasa wowote, na kila karani huwa na daftari lake la shughuli, ambamo huandika anachokusudia kubadili kabla ya kukibadili. Mfumo uitwao GFS, uliokuwa miongoni mwa mifumo ya mwanzo ya aina hii kuenea kwenye Linux, ulianza kutengenezwa katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, mwaka 1995, na profesa Matthew O'Keefe pamoja na wanafunzi wake.

Mwaka huohuo wa 1995, katika chuo hichohicho, kilianzishwa kituo cha utafiti wa sokwe chini ya Anne Pusey, mtafiti aliyewahi kufanya kazi Gombe tangu ujana wake. Kituo hicho kilipewa jukumu la kukusanya na kuingiza kwenye kompyuta kumbukumbu zilizotoka Kigoma. Miradi hiyo miwili haikuwa na uhusiano wa kikazi unaohitaji kudaiwa hapa. Lakini yote miwili ilikabiliwa na swali moja: wengi wanawezaje kuandika kitabu kimoja bila ya kukiharibu?

Kumbukumbu za Gombe kama hifadhi ya pamoja

Jane Goodall aliwasili Gombe, kaskazini mwa mji wa Kigoma, tarehe 14 Julai 1960. Katika miaka ya mwanzo, kumbukumbu zilikuwa za mtu mmoja na wasaidizi wachache. Kwa lugha ya kompyuta, seva moja na diski moja. Baadaye waliongezeka wanafunzi kutoka ng'ambo, na pamoja nao wasaidizi wa utafiti Watanzania, ambao Hilali Matama alikuwa miongoni mwa waliofahamika zaidi. Watanzania hao walimfuata sokwe mmoja kutwa nzima, wakajaza chati za nani yuko na nani kwa vipindi maalumu, na wakaandika maelezo ya matukio kwa Kiswahili.

Tarehe 19 Mei 1975, watu wenye silaha walivuka ziwa kutoka Zaire na kuwateka wanafunzi wanne wa kigeni. Mateka wote waliachiliwa baadaye, lakini watafiti wa kigeni waliondoka Gombe. Kwa mtazamaji wa mbali, mradi ungeweza kuonekana umekufa. Haukufa. Wasaidizi Watanzania waliendelea kwenda msituni na kuandika, na mfululizo wa kumbukumbu haukukatika. Jambo lililouokoa ni kwamba maandishi ya kwanza yalifanyika papo hapo ufukweni, kwa lugha ya waandishi wenyewe, wala hayakungoja idhini ya kituo cha mbali.

Leo kumbukumbu hizo zina sura kadhaa: karatasi za asili, tafsiri ya Kiingereza, na hifadhidata ya kompyuta ambayo, baada ya Minnesota, ilihamia Chuo Kikuu cha Duke. Kila sura ina watumiaji wake. Hivyo basi, zinakabiliwa kwa tabia na maswali yaleyale manne yanayokabili kundi la seva: saa ni ipi, jina ni la nani, kufuli liko kwa nani, na nani yu hai.

Mfarakano wa saa

Dalili ya mfarakano wa saa ni mambo yasiyoingia akilini. Faili linaonekana limeandikwa kesho. Programu ya kutengeneza nakala rudufu inaliruka faili lililobadilishwa jana, kwa kuwa tarehe yake inasomeka ya zamani. Programu ya make, ambayo huamua kazi ya kufanya kwa kulinganisha tarehe za mafaili, inajenga upya kila kitu au haijengi chochote. Kumbukumbu za matukio za seva mbili, zikiwekwa sambamba, zinaonyesha jibu likitangulia swali.

Ni muhimu kutofautisha tofauti ya saa inayojulikana na ile isiyojulikana. Saa ya Waswahili hutofautiana na saa ya kimataifa kwa saa sita: saa mbili asubuhi ni saa nane ya wengine. Tofauti hiyo haijawahi kuvuruga kumbukumbu za mtu aijuaye, kwa kuwa haibadiliki. Vivyo hivyo, Unix huhesabu sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970 kwa saa za dunia, na saa za Afrika Mashariki, zilizotangulia kwa saa tatu, ni suala la maonyesho tu. Madhara huletwa na saa iliyopotoka bila ya mtu kujua kwa kiasi gani.

Ujiji una mfano wa aina hiyo. Henry Morton Stanley aliandika kwamba alikutana na Livingstone tarehe 10 Novemba 1871. Katika shajara ya Livingstone, tukio hilohilo limo katika siku za mwisho za Oktoba. Waandishi wote wawili walikuwa mahali pamoja, wakishuhudia jambo moja. Lakini kila mmoja alikuwa amesafiri miezi mingi, akaugua, na kuhesabu siku peke yake bila ya kuzioanisha na za mwenziwe. Hadi leo wanahistoria hawakubaliani juu ya siku halisi. Hakuna ujuzi wa baadaye unaoweza kuirudisha saa ambayo haikusawazishwa wakati wake. Ndiyo maana kila kundi la seva husawazishwa kwa itifaki ya NTP, na ndiyo maana kulinganisha saa kunapaswa kuwa miongoni mwa hatua za mwanzo za uchunguzi.

Mfarakano wa majina

Unix hamjui mtumiaji kwa jina lake bali kwa namba. Katika utaratibu wa kawaida wa NFS ya zamani, mteja hupeleka namba tu kwa mtunzaji. Ikiwa namba 501 ni ya mhasibu katika seva moja na ya mwanafunzi katika nyingine, basi mwanafunzi huyo atafungua mafaili ya mhasibu bila ya kuvunja mlango wowote. Katika toleo la nne la NFS, ambalo kwa kawaida hupeleka majina, dalili hubadilika: majina yasipooana, mafaili huonekana kuwa mali ya mtu aitwaye nobody, yaani si mtu yeyote. Tiba ni orodha moja ya watumiaji kwa kundi zima, wala si kufungua ruhusa kwa kila mtu, kama wafanyavyo mafundi waliochoka.

Mafaili nayo yana namba zake. Mteja anapofungua faili, mtunzaji humpa mshiko, yaani alama ya kulitambulisha faili lile hasa, wala si jina lake. Faili likifutwa na kuandikwa jingine kwa jina lilelile, mshiko wa zamani hauna tena kinachoshikwa. Hapo hutokea ujumbe wa hitilafu ambao kwa Kiswahili unaweza kuelezwa kuwa mshiko umepitwa na wakati. Mtumiaji hushangaa, maana jina analiona mbele yake. Lakini jina kubaki si sawa na mwenye jina kubaki.

Mfarakano wa makufuli

Kufuli ni ahadi: mwenye nalo peke yake ndiye atakayeandika. Tatizo la kufuli ni mwenye nalo kutoweka. Programu nyingine zinasubiri foleni, na foleni haisogei. Katika matoleo ya zamani ya NFS, makufuli yalisimamiwa na huduma ya pembeni, na seva iliyozimika ghafla ingeweza kuacha kufuli lisilo na mwenyewe. Toleo la nne lilileta dhamana ya muda: mteja analihesabu kufuli kuwa lake kwa kipindi maalumu, ambacho katika Linux kwa kawaida ni sekunde 90, na lazima aihuishe dhamana hiyo kabla haijaisha. Mtunzaji naye, akizimika na kuwaka tena, hutoa kipindi cha kuwasubiri wateja wa zamani wadai makufuli yao kabla ya kuwapa wapya. Fundi asiyejua hili huona mfumo umewaka lakini hauruhusu makufuli mapya, akadhani umeharibika, akauzima tena. Kwa kufanya hivyo anaanzisha upya kipindi kilekile alichokuwa anakilalamikia.

Yafaa pia kutaja jambo linalofanana na hitilafu na silo. Wateja wa NFS huweka akiba ya sifa za mafaili ili wasimsumbue mtunzaji kila mara. Katika Linux akiba hiyo huweza kudumu kuanzia sekunde 3 hadi 60. Hivyo seva moja ikiandika, nyingine inaweza kuona hali ya zamani kwa muda mfupi. Kabla ya kutafuta ugonjwa, mchunguzi asubiri dakika moja na kutazama tena.

Mfarakano wa uhai

Mfarakano wa nne ndio mzito kuliko yote. Seva za kundi hupelekeana ujumbe mfupi kila baada ya muda mdogo, ambao huitwa mapigo. Mapigo ya mwanachama yakikoma, wenzake hawana njia ya kujua sababu kwa kusikiliza tu. Pengine umeme umekatika. Pengine swichi ya mtandao imeharibika, na mwanachama yule yu mzima, akiwadhania wenzake ndio waliokufa. Pengine amezimia, kwa maana ya kuelemewa na kazi, na baada ya dakika moja atazinduka akiendelea na sentensi aliyoiacha katikati, akiamini kwamba kufuli bado ni lake.

Mifumo mizuri hujilinda kwa njia mbili. Ya kwanza ni akidi, neno ambalo Waswahili wamelizoea katika vikao: hakuna uamuzi bila ya zaidi ya nusu ya wajumbe. Kundi la seva tano likigawanyika, upande wenye tatu unaendelea na upande wenye mbili unasimama. Kundi la seva mbili lina udhaifu wa asili, kwa kuwa likigawanyika hakuna upande wenye wengi. Ndiyo maana huongezewa shahidi wa tatu, kwa mfano diski ndogo ya kupigia kura. Njia ya pili ni kutenga: kabla ya kurithi makufuli ya aliyenyamaza, waliobaki humkatia umeme au humfungia njia ya kufikia diski, kisha hupata uthibitisho kwamba hilo limefanyika. Baada ya hapo ndipo mmoja wao husoma daftari la shughuli la aliyetengwa, akakamilisha kilichoachwa nusu, na kazi ikaendelea.

Mpaka uthibitisho huo upatikane, mfumo kama GFS huganda. Watumiaji hulalamika kwamba mafaili yamekwama. Lakini huko kuganda si ugonjwa. Ni mwili kujikinga. Mifumo hii huwa na amri ya dharura inayomruhusu msimamizi kuthibitisha kwa mkono kwamba mwanachama ametengwa. Msimamizi akiitoa bila ya kwenda kuitazama mashine yenyewe, mfumo utamwamini. Na kama ile seva ilikuwa hai, sasa makarani wawili wanaandika leja moja, kila mmoja akijiona peke yake. Kurasa zilizoharibika namna hiyo hazirudi, isipokuwa kama nakala rudufu ipo.

Mkasa wa Ujiji unaeleza kosa hilo kwa ukamilifu. Ujiji ulikuwa kituo kikuu cha misafara kabla ya kuvuka ziwa. Livingstone aliondoka hapo Julai 1869 kuelekea Manyema, katika nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na alikaa huko zaidi ya miaka miwili. Mizigo yake ya nguo na shanga, iliyotumwa kutoka Unguja, iliwekwa mikononi mwa mtu aitwaye Sherif. Livingstone aliporudi Oktoba 1871, akiwa mgonjwa, alikuta mizigo imekwisha kuuzwa. Kwa mujibu wa shajara yake, ambayo ni kauli ya upande mmoja, Sherif alieleza kwamba alipiga ramli na kuona kwamba Livingstone amefariki. Tena alikuwa amemwandikia mkuu wa Unyanyembe kwamba wajumbe walitumwa Manyema na kurudi na habari ya kifo.

Viungo vyote vya mfarakano wa uhai vimo. Kuna mwanachama aliyenyamaza kwa sababu njia ni mbovu, si kwa sababu amekufa. Kuna mwenye ufunguo wa hifadhi, anayenufaika na kuamini kifo. Kuna uthibitisho usiotokana na kutazama. Na kuna tendo lisiloweza kutenguliwa. Uaminifu wa Sherif ni suala la wanahistoria. Lakini hata mtu mwaminifu, akiwa na ramli badala ya ushahidi, angeishia palepale.

Msaada wa kiambishi -ja-

Kiswahili kina njia tatu za kukanusha jibu. Haijibu ni kauli ya tabia au ya hali ya sasa. Haikujibu ni kauli ya wakati uliopita, shauri limefungwa. Haijajibu ni kauli ya tatu, yenye kiambishi -ja-, ambacho wanasarufi hukieleza kuwa ukanushi wa -me-. Kauli hii inasema kwamba hadi sasa jibu halijapatikana, na inauacha mlango wazi. Haisemi kwamba jibu litakuja, wala haisemi kwamba halitakuja. Lugha nyingi hulazimika kuongeza kielezi ili kufikia maana hiyo. Kiswahili huibeba ndani ya kitenzi chenyewe, na msemaji hawezi kukanusha bila ya kuchagua.

Tofauti hiyo imo ndani ya NFS yenyewe. Mteja anaweza kuunganishwa kwa namna mbili. Katika namna ngumu, mtunzaji akinyamaza, mteja husubiri bila ya kikomo na kurudia ombi. Mtunzaji akirudi, kazi huendelea pale ilipokomea. Huu ni msimamo wa haijajibu. Katika namna laini, baada ya majaribio kadhaa mteja hukata tamaa na kuiarifu programu kwamba imeshindikana. Huu ni msimamo wa haikujibu. Nao, kwa programu iliyokuwa inaandika, unaweza kuacha faili nusu bila ya yeyote kujua. Namna ngumu ina kero zake: amri ndogo kama df, ya kuangalia nafasi ya diski, hukwama, na programu inayosubiri inaweza kuwa haisikii hata amri kali ya kuuawa. Lakini kero si uharibifu.

Mtafiti wa sokwe anaijua tofauti hiyo kwa njia yake. Sokwe jike akitoweka katika kundi lake, huenda amekufa. Lakini majike wa sokwe wakibalehe aghalabu huhamia makundi mengine. Anayeandika kwamba hajaonekana ameandika alichokishuhudia. Anayeandika kwamba amekufa ameandika hitimisho. La kwanza linaweza kusahihishwa na siku inayofuata. La pili huingia kwenye hesabu za vifo na kuzipotosha.

Utaratibu wa uchunguzi

Kutokana na hayo, utaratibu ufuatao unapendekezwa. Hatua ya kwanza ni kuandika kabla ya kugusa: saa, seva, faili, na maneno kamili ya ujumbe wa hitilafu. Kumbukumbu za matukio za seva zote zinakiliwe mahali pengine, maana kuwasha upya mashine kunaweza kufuta ushahidi.

Hatua ya pili ni kuuliza nani ameathirika. Akiwa mteja mmoja, chanzo kitafutwe kwake: saa yake, namba za watumiaji wake, mishiko yake. Wakiwa wote kwa wakati mmoja, chanzo kipo kwa mtunzaji, kwenye mtandao, au kundi limeganda likisubiri kutenga.

Hatua ya tatu ni kulinganisha saa za seva zote. Bila ya hilo, kumbukumbu za matukio haziwezi kupangwa kwa mfuatano unaoaminika.

Hatua ya nne ni kutenganisha tabaka. Mashine kujibu salamu ya mtandao si uthibitisho kwamba huduma ya mafaili inafanya kazi, na kutojibu salamu si uthibitisho kwamba mashine imezimika. Diski nayo iangaliwe nafasi yake, pamoja na idadi ya mafaili inayoruhusiwa, kwa kuwa mojawapo ikiisha ujumbe huwa uleule.

Hatua ya tano ni kumuuliza kila mwanachama orodha yake ya wanachama walio hai. Orodha zikitofautiana, mfarakano umekwisha kutokea, na jambo la haraka ni kuusimamisha upande usio na akidi.

Hatua ya sita ni kutafuta mwenye kufuli na kuthibitisha hali yake kwa njia isiyopitia mtandao uleule unaoshukiwa: kwa taa za mashine, kwa swichi ya umeme, kwa macho ya mtu aliyesimama mbele yake.

Hatua ya saba, na ya mwisho, ni ukarabati. Programu ya fsck, inayorekebisha mfumo wa mafaili ulioharibika, isiendeshwe kamwe juu ya mfumo wa pamoja iwapo hata seva moja bado imeupachika. Tabibu anayepasua huku mgonjwa anatembea huongeza jeraha.

Hitimisho

Kazi ya kuunda istilahi za kompyuta kwa Kiswahili haijakwisha, na maneno kama akidi, mapigo, mshiko na kutenga yaliyotumika hapa yanasubiri kupimwa na watumiaji. Lakini istilahi ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuandika taarifa za hitilafu kwa vitenzi vinavyotenganisha kilichoshuhudiwa na kilichodhaniwa. Taarifa isemayo kwamba seva ya tatu imekufa inamwalika anayeisoma achukue hatua isiyotenguka. Taarifa isemayo kwamba seva ya tatu haijajibu tangu saa nne na dakika kumi usiku inamwalika akaitazame. Gharama ya kuitazama ni dakika chache. Gharama ya kutoitazama inaweza kuwa kazi ya miaka mingi, kama ile ya watu waliopanda vilima vya Gombe kila siku wakiwa na karatasi na kalamu, wakiandika walichokiona na saa walipokiona.